Maswali ya Wasomaji: Kweli Uyoga Unaweza Kula Rangi ya Batiki?

Toleo lililopita kwenye ile makala ya batiki niliweka aya moja tu mwishoni, kwamba kuna fangasi wanaoweza kuvunja rangi za viwandani kwenye majitaka, na kumbe ndo aya iliyowagusa wengi kuliko makala yenyewe. Meseji zimekuja za mafundi, wanafunzi, wakulima wa uyoga, hadi watu wanaokaa tu kando ya mto na kuona maji yanapita mekundu leo, kesho ya bluu. Yaliyofanana nimeyaunganisha. Penye mambo nitajibu kwa kirefu, pasipo na mengi nitapita haraka.

Shikamoo mwalimu. Mimi natengeneza batiki nyumbani na wanangu, tunatumia rangi ya unga, kostiki soda na haidrosalfaiti kama tulivyofundishwa kwenye kikundi. Jioni maji yanayobaki tunamwaga nyuma ya nyumba, sasa migomba ya jirani imeanza kukauka na kuna kisima sio mbali na hapo. Niliposoma habari za uyoga nikafurahi sana, naomba unielekeze nitaupata wapi na niweke kiasi gani kwenye ndoo. (Fundi batiki, Bagamoyo)

Marahaba dada yangu, na asante kwa kumfikiria jirani maana wengi wakishamwaga wanafunga mlango. Nikwambie ukweli, kwa maji yako wewe uyoga sio hatua ya kwanza. Kwenye hiyo migomba mimi naishuku kostiki kabla ya kuishuku rangi, kostiki inachoma mizizi na kuharibu udongo, na hakuna uyoga utakaoishi humo hata saa moja.

Ila una bahati moja. Rangi inayotiwa kwa kostiki na haidro ni ile aina wanayoiita vat, na unga wake kwa asili hauyeyuki kwenye maji, haidro ndo inaulazimisha uyeyuke ili uingie kwenye pamba, halafu kitambaa kikitoka hewani oksijeni inaurudisha ulivyokuwa na unanasa humohumo ndani ya uzi. Wewe hili unaliona kila siku, bluu inatoka kwenye beseni ikiwa ya njano-kijani, unaitandaza, na mbele ya macho yako inaanza kugeuka kuanzia pembeni na kwenye mikunjo ya juu mpaka kitambaa kizima kinakuwa bluu. Sasa maji yaliyobaki nayo yanaweza kufanyiwa hivohivo.

Yamwage kwenye beseni pana au pipa lililokatwa, uwanjani, usifunike, uwe unayakoroga kwa mti mara kwa mara mpaka rangi irudi yote na ile harufu kali ya kiberiti iishe kabisa, inaweza kuchukua siku nzima au zaidi, usiwe na haraka. Rangi ikisharudi inakuwa chembe ngumu na chembe zinazama. Yaache yatulie usiku, asubuhi chota maji ya juu taratibu, yapitishe kwenye kitambaa kizito halafu kwenye ndoo ya mchanga. Hapo ndo uanze kupunguza kostiki kwa siki, kidogo kidogo huku unapima na karatasi za pH, zile zinazoonyesha kwa namba maji ni asidi au kostiki kiasi gani, 7 ikiwa katikati, mpaka ifike kwenye 7 au 8. Na hapa naomba unisikilize vizuri: usitie siki wala ndimu kabla haidro haijaisha, ukikutanisha haidro na asidi inatoka gesi ya salfa inayobana kifua, na kama kuna mtoto mwenye pumu hapo nyumbani ni hatari kweli. Vaa glovu, fanyia nje, watoto wakae mbali.

Yale matope ya chini yakaushe, weka kwenye chombo chenye mfuniko. Usichome pamoja na nta na usitupe kwenye bustani ya mchicha.

Baada ya hayo yote, kama maji bado yana rangi, hasa kama kuna siku unatumia zile rangi nyingine zinazofungwa kwa magadi na chumvi bila haidro, hapo ndo uyoga unaingia. Hutahitaji kununua mbegu wala kujenga banda, tafuta mkulima wa uyoga akupe mifuko ya majani anayooteshea uyoga, ile aliyomaliza kuvuna, nitaeleza huko chini kwenye swali la ndugu yetu wa Kibaha.

Mwalimu, mimi nafundisha sekondari. Nimeshindwa kuwaeleza wanafunzi wangu inakuwaje kitu kinachoota kwenye gogo porini kijue kuvunja rangi iliyotengenezwa kiwandani juzi tu. (Songea)

Mwalimu mwenzangu hapo umegusa penyewe. Mti unasimama kwa sababu ya lignini, ndo inayoshikiza nyuzi za mbao na kuzipa ugumu. Ni molekuli kubwa mno iliyojengwa kwa pete za kaboni zilizoungana bila mpangilio unaojirudia, na ndo maana viumbe wengi wanashindwa kuila. Kimeng'enya cha kawaida kinafanya kazi kama ufunguo na kitasa chake, sasa lignini haina kitasa kimoja, kila kona ina umbo lake. Wapo fangasi waliopata njia, wale ambao gogo wanaloliozesha linabaki jeupe, laini, ukilishika linachambuka nyuzinyuzi. Kundi hilo lina Trametes versicolor, lina Phanerochaete chrysosporium, na lina huyu uyoga mamama tunaomla, Pleurotus ostreatus.

Wao wanatoa vimeng'enya nje ya mwili, vinamwagika kwenye mbao, na vimeng'enya hivo havitafuti umbo fulani, vinapora elektroni kwenye chochote chenye pete za aina hiyo, kikishaporwa kinayumba na kuanza kuvunjika chenyewe. Rangi za viwandani nazo zimejengwa kwa pete hizohizo. Ile ya kwanza kabisa kuuzwa, zambarau ya William Henry Perkin, aliipata London mwaka 1856 akiwa kijana wa miaka 18, kwa hiyo hakuna fangasi aliyepata muda wa kuizoea. Anaivunja kwa sababu silaha aliyokuwa nayo tangu zamani haichagui.

Silaha zenyewe, yaani vimeng'enya, ni tatu ambazo ningewafundisha. Lakasi ina atomu 4 za shaba, inachukua elektroni moja moja kutoka kwenye rangi na kumpa oksijeni, na oksijeni inaishia kuwa maji, yaani takataka ya kazi yote ni maji. Aliyeikuta kwanza ni Mjapani, Hikorokuro Yoshida, mwaka 1883 kwenye utomvu wa mti unaotoa vanishi ya kienyeji ya kule. Miaka 100 baadaye, 1983, ndo ikapatikana peroksidasi ya lignini kwa yule Phanerochaete, halafu ikafuata ya manganizi, na hii ya manganizi ndo naipenda mimi kuliko zote: kimeng'enya ni kikubwa hakiwezi kupenya ndani ya mbao ngumu, kwa hiyo kinachaji atomu ya manganizi kinaituma iingie yenyewe kwenye vitundu vidogo ikafanye kazi huko.

Na hili litawafurahisha wanafunzi. Mwaka huohuo 1983 Glenn na Gold walitumia rangi kupima nguvu za fangasi huyo, hawakuwa na shida na majitaka, walitaka tu njia rahisi ya kuona uvunjaji wa lignini maana lignini ni ngumu kuipima na rangi inaonekana kwa macho. Kumbe kipimo chenyewe kilikuwa na maana kubwa, wengine wakaja kusema kama anavunja rangi kwenye chupa si tumpe maji ya kiwanda. Huyu Phanerochaete ndo wa kwanza katika ukoo mkubwa wa uyoga kusomwa jenomu yake yote, yaani vinasaba vyake vyote, mwaka 2004.

Sasa kuhusu azo. Zaidi ya nusu ya rangi zinazotumika duniani zina kiungo cha azo, atomu mbili za naitrojeni zilizoshikana kwa bondi mbili, hicho kiungo ndo kinachobeba rangi. Bakteria wakifungiwa bila hewa nao wanaweza kukikata, tena haraka, maji yanakuwa meupe watu wanapiga makofi, ila wakikata katikati vinabaki vipande vinavyoitwa amini na baadhi ni sumu mbaya, mfano benzidini ambayo shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeiweka kundi la 1, yaani imethibitika inasababisha saratani kwa binadamu. Fangasi anafanya kazi na hewa na anapitia njia nyingine, mara nyingi naitrojeni inaondoka kama gesi ya kawaida tu ambayo imejaa kwenye hewa tunayovuta. Hiyo ndo sababu mimi nasimama upande wa fangasi. Sisemi kila mara inaisha vizuri, soma jibu la mwanafunzi wa Eldoret hapo chini.

Kama shule ina agari, ile jeli ya kuoteshea fangasi maabara, na mna njia ya kuchemshia kwa presha, tengenezeni sahani yenye rangi ya bluu kidogo, wekeni katikati kipande cha mbegu ya uyoga mamama. Siku za mwanzo utaona nyuzi nyeupe tu zinatambaa juu ya bluu, hakuna kingine. Halafu nyuma ya zile nyuzi bluu inaanza kufifia, kwanza chini ya kile kipande ulichoweka, kisha duara linapanuka, na mara nyingi duara jeupe linatangulia mbele ya nyuzi zenyewe kwa sababu vimeng'enya vinasafiri kwenye agari kabla mwenyewe hajafika. Wakiona hapo hutahitaji kueleza tena maana ya kimeng'enya kinachofanya kazi nje ya seli.

Kwani shida yote hii ya nini, si nimwage jiki tu maji yawe meupe? (Mwanza)

Hapana, usifanye hivo ndugu yangu. Klorini inafuta rangi ni kweli, ila pete za kaboni zinabaki, tena sasa zinaweza kubeba klorini juu yake, na michanganyiko ya namna hiyo mingine inakaa muda mrefu kwenye maji na samaki kuliko rangi yenyewe. Halafu jiki ikikutana na siki au asidi yoyote inatoa gesi ya klorini, na ikikutana na haidro inapata moto ghafla. Mtu amekufa hivi hivi kwa kusafisha choo tu na dawa mbili, sembuse pipa zima.

Sasa mwalimu, niko mwaka wa mwisho chuo, projekti yangu ni Pleurotus na rangi ya Congo red. Ndani ya wiki rangi imetoka zaidi ya asilimia 90 nikipima na mashine ya mwanga, lakini supavaiza ananiambia hiyo haijaonyesha chochote. Ananionea ama? (Eldoret)

Hakuonei kijana wangu, anakusaidia, tena mshukuru. Swali lake ni moja tu: rangi imekwenda wapi?

Kwanza vua zile nyuzi kwenye chupa yako uziangalie juani. Zikiwa nyekundu jua rangi haijavunjwa, imenatana na mwili wa fangasi tu, umeitoa kwenye maji ukaiweka kwenye uyoga na bado una taka zilezile za kwenda kutupa. Fangasi hata aliyekufa anaweza kunyonya rangi nyingi sana, kwa hiyo lazima uwe na chupa ya pili yenye fangasi uliyemuua kwa joto, kiasi kilekile, siku zilezile. Tofauti kati ya chupa mbili ndo kazi ya vimeng'enya. Bila hiyo chupa ya pili huna projekti.

Pili, hiyo rangi uliyochagua ina mtego. Congo red ikiwa kwenye asidi inageuka bluu, na fangasi akikua anafanya maji yake yawe asidi, sasa ukipima pale pale kwenye mawimbi ya nyekundu utaona imeshuka na kumbe hakuna kilichovunjika, imebadilisha nguo tu. Rudisha pH kwenye 7 kabla ya kupima kila sampuli. Na usipime sehemu moja, piga skani nzima kuanzia 200 mpaka 800 nanomita, ukiona kilele cha nyekundu kimeshuka lakini huku upande wa mwanga usioonekana kuna kilele kipya kimeota, basi kuna vipande vimebaki.

Na vipande vya Congo red sio vya kuchezea, katikati yake imejengwa kwa benzidini, ileile niliyoitaja kwa mwalimu wa Songea. Kwa hiyo kwenye ripoti yako nataka kuona kipimo cha sumu hata kiwe rahisi, chukua mbegu za nyanya au mchicha, mwagilia kundi moja maji ya bomba, jingine maji yenye rangi kabla ya fangasi, jingine maji baada ya fangasi, hesabu zilizoota na pima urefu wa mizizi. Kuna mfano mmoja nawaambia wanafunzi wote: malachite green, rangi ya kijani iliyotumika sana kutibu samaki wa kufugwa, yuko fangasi anaitwa Cunninghamella elegans anaifanya iwe haina rangi kabisa, maji yanang'aa, na kumbe ameigeuza tu kuwa leuko malakaiti ambayo haionekani, ni sumu, na inajificha kwenye mafuta ya samaki. Jicho halitoshi kwenye kazi hii.

Jambo la mwisho ambalo nadhani supavaiza wako atakuja nalo, angalia COD, yaani oksijeni inayohitajika kuunguza kikemia taka zote zilizomo kwenye maji (BOD ni ile wanayoitumia bakteria kuzila). Kanuni za Kenya za ubora wa maji za 2006 zilitaka maji yanayomwagwa kwenye mazingira yasizidi COD miligramu 50 kwa lita, BOD 30, na rangi 15 kwa kipimo cha Hazen. Wanafunzi wengi wanalisha fangasi wao glukosi gramu 10 kwa kila lita, hiyo peke yake ni COD ya zaidi ya miligramu 10,000! Umeondoa rangi kidogo ukamwaga sukari nyingi, na mto utakosa hewa kwa sababu ya sukari yako. Jaribu kumlisha kitu cha bei rahisi kinachobaki ndani ya chombo, magunzi ya mahindi, maganda ya mbegu za pamba, mabaki ya mkonge, akae juu yake ale hapo hapo.

Habari mwalimu. Niko idara ya kutia rangi kwenye kiwanda kimoja cha nguo, jina niliache. Majitaka yetu yanatoka ya moto, pH inafika 11 na chumvi ni nyingi mno. Bosi amesikia habari za fangasi anaona ndo suluhisho la kila kitu. Nimwambie nini? (Athi River)

Salama kaka. Mwambie bosi wako fangasi ni sehemu moja ya mtambo, asidhani ni mtambo mzima.

Uliyoyataja yote matatu ndo yanayowaua. Wengi wanataka joto la 25 mpaka 30, Phanerochaete peke yake ndo anafurahia 37 na kuendelea, na karibu wote wanataka pH ya 4.5 hadi 5.5. Ukishapoza na kushusha pH bado kuna adui wa nne, bakteria, maana majitaka hayajachemshwa na bakteria wanazaana haraka kuliko fangasi, wanamla chakula chake na baada ya siku kadhaa umebaki na tope. Watafiti wa chuo kikuu cha Universitat Autònoma de Barcelona, Hispania, walihangaika sana na hili, walimfuga Trametes versicolor akiwa vidonge vidogo vya mviringo ndani ya mtambo unaorushwa hewa kwa mapigo, wakatibu rangi ya kijivu ya kiwandani, na siri mojawapo ya kudumu muda mrefu ilikuwa kutoa vidonge vilivyozeeka kidogo kidogo na kuweka vipya badala ya kusubiri vife vyote. Wengine wanampandikiza juu ya sponji au vipande vya mbao asisombwe na maji. Ila kazi kubwa bado iko maabara na kwenye mitambo midogo ya majaribio, bosi asitegemee kununua kitu kilichokamilika dukani. Kinachouzwa tayari ni kimeng'enya chenyewe, lakasi, viwanda vya jinzi vinakitumia kufifisha indigo, ile rangi ya bluu ya jinzi, kwenye kitambaa.

Kwenye chumvi kuna habari ya kwetu ambayo inanipa moyo kweli. Mwaka 2008 watafiti Mtui na Nakamura walichapisha kazi yao juu ya fangasi anaitwa Flavodon flavus aliyepatikana baharini hapa pwani ya Dar es Salaam, anayetoa vimeng'enya vya kuvunja lignini, wakamjaribu kwenye rangi za viwandani pia. India nao wamefanya kazi na ndugu zake wa baharini. Fangasi aliyezoea maji ya bahari, ambayo yana chumvi gramu 35 hivi kwa lita, hashtuki na majitaka yako haraka hivo. Mikoko yetu kuanzia Lamu mpaka Mtwara imejaa mbao zinazooza ndani ya maji ya chumvi, na mimi naona vyuo vyetu vingeanzia hapo kabla ya kuagiza fangasi kutoka Ulaya.

Lakini hata akiishi, chumvi haiondoi. Hili bosi alielewe kupitia Tirupur, kule Tamil Nadu, India, mji wa fulana na nguo za ndani. Viwanda vya rangi vilimwaga majitaka mto Noyyal miaka na miaka, chumvi ikajaa kwenye bwawa la Orathupalayam ambalo wakulima walitegemea kumwagilia, mashamba yakaharibika, wakaenda mahakamani, na Januari 2011 Mahakama Kuu ya Madras ikaamuru viwanda vya rangi vifungwe, mamia yao. Maji yangeweza kuwa meupe kabisa na bado shamba lingekufa.

Mimi ningeanza hivi: tenganisha mabomba. Maji ya kwanza yanayotoka kwenye mashine baada ya kutia rangi ndo yenye rangi kali na chumvi nyingi lakini ni machache, maji ya kusuuza ni mengi na mepesi, na viwanda vingi vinayachanganya halafu vinalia kwamba majitaka ni mengi. Hayo ya kwanza yapoze kwa kupitisha joto lake kwenye maji safi yanayoingia, unaokoa na kuni au mafuta ya boila hapo hapo, shusha pH, mpe fangasi au kimeng'enya akate rangi, chumvi ishughulikiwe na membreni, yaani chujio laini mno linaloweza kuzuia hata chumvi. Ya kusuuza yaende kwenye mabwawa ya kawaida ya bakteria. Na kabla ya yote hayo muulizeni anayewauzia rangi kuhusu zile zinazoshika pamba vizuri zaidi, maana rangi za riaktivu, zile zinazofungwa kwa magadi na chumvi, nyingine zinapoteza hata theluthi yake kwenda kwenye mtaro kwa sababu zinaungana na maji badala ya uzi, hiyo ni pesa ya kiwanda inayokwenda mtoni.

Mimi ni mkulima wa uyoga mamama. Nikimaliza kuvuna mifuko natupa tu. Naweza kuwauzia wenye viwanda vya batiki? Na uyoga ukiota kwenye hiyo mifuko baada ya kuweka maji ya rangi, unalika? (Kibaha)

Naanza na la pili: usile, usiuze, usimpe kuku. Baadhi ya rangi zimefungwa na metali, kromiamu, shaba, kobalti, na uyoga una tabia ya kuvuta metali na kuzihifadhi. Fanya kazi hiyo mbali kabisa na banda la uyoga wa kula, na vyombo visichanganyike.

La kwanza, ndio, ule mfuko uliochoka kutoa uyoga bado umejaa nyuzi hai na lakasi nyingi ndani yake, wapo watafiti waliotumia mabaki hayo kufifisha rangi na yamefanya kazi. Yatumie mapema baada ya mavuno ya mwisho, ukiyaacha juani yakauke au yakipata ule ukungu wa kijani unaowasumbua wakulima, nguvu inapungua sana. Tupa ya kijani yote.

Fanyeni majaribio kwanza wewe na fundi batiki mmoja. Chukueni maji yaliyokwisha kutulizwa na kupunguzwa kostiki kama nilivyomweleza dada wa Bagamoyo, myashushe mpaka pH ya 5 hivi, weka kwenye chupa mbili za maji zinazopitisha mwanga, moja tia mabaki mabichi ya mfuko, nyingine tia mabaki uliyoyachemsha vizuri. Acheni wazi kivulini siku mbili tatu. Chupa ya mabichi ikiwa nyeupe kuliko ya yaliyochemshwa vimeng'enya vinafanya kazi, zikilingana basi ni majani tu yananyonya rangi. Msishangae maji yakitoka na ukahawia kama yamelowekwa majani, hiyo ni ya mfuko wenyewe, suuza mabaki kwa maji safi kabla ya kuyatumia itapungua. Bei mtapatana wenyewe, ila usimuahidi mtu kwamba maji yatakuwa ya kunywa au ya kumwagilia mboga.

Na mabaki yakishatumika kwenye rangi hayarudi shambani kuwa mbolea, yanakwenda pamoja na yale matope kwenye chombo chenye mfuniko.

Nakaa bondeni hapa Dar, mto unabadilika rangi kila wiki. Kwa nini wasipande hao fangasi mtoni tukamaliza? (Dar es Salaam)

Mtoni haitawezekana jirani. Maji yanakimbia, rangi imeshachanganyika na maji mengi mno, bakteria ni wengi, na fangasi anahitaji kukaa na rangi saa nyingi au siku kadhaa mahali pamoja penye hewa. Kazi inafanyika kwenye bomba la anayemwaga, kabla hayajafika kwako. Wewe ukiona rangi imepita piga picha ukiwa umesimama mahali palepale kila mara, andika tarehe na saa, na kama unaweza tembea kupanda juu mpaka uone mtaro unaoingiza, maana juu yake maji yatakuwa ya kawaida na chini yake yana rangi, halafu peleka NEMC, baraza la taifa la mazingira, mkiwa watu kadhaa wa mtaa na barua ya serikali ya mtaa. Usiingie kwenye eneo la mtu na usichote hayo maji kwa mikono mitupu.